Sifa za Mamapima

Swali lilikuwa la alama 12. Eleza sifa sita za Mamapima katika tamthilia ya Kigogo. Ilikuwa 2019, kidato cha nne, mtihani wa majaribio, na mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayeenda kuposa. Fisadi. Mzinzi. Msaliti. Mwenye tamaa. Katili. Kwa ile ya sita nilisita kidogo, kisha nikaandika mwenye majuto, kwa sababu mwishoni mwa mchezo anaomba msamaha. Sifa alama moja, mfano alama moja. Nilipata 11. Mwalimu alisoma jibu langu mbele ya darasa ili wenzangu waone jinsi sifa inavyotetewa kwa mfano.

Karo ya muhula huo ilikuwa imelipwa na busaa.

Kijijini hiyo haikuwa siri. Shuleni ndiko ilikuwa siri. Bwenini tulikuwa na watoto wa walimu, wa madereva wa trela, wa wenye mashamba ya miwa, na mimi nikiulizwa kwetu wanafanya nini nilijibu "biashara" halafu nikabadilisha mada. Kukhu wangu, mama mzaa mama, alipika busaa upande wa Malava, Kaunti ya Kakamega, tangu kabla sijazaliwa. Wateja walimwita Mama Pima, jina wanalopewa wote wa kazi hiyo karibu Kenya nzima, kana kwamba ni mama mmoja mwenye matawi kila kijiji.

Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, Kigogo unakijua, hata kama ulisoma mwongozo tu (usijali, wengi tulisoma mwongozo tu). Pauline Kea anatujengea jimbo la Sagamoyo chini ya Majoka. Soko la Chapakazi linafungwa, wachuuzi wanafukuzwa, Tunu na Sudi wanapigania haki. Na kando kuna Mangweni, kilabu cha pombe, anakouza Asiya, mke wa Boza mchonga vinyago. Akiwa huko haitwi Asiya. Anaitwa Mamapima.

Niseme kwanza ninachokiheshimu. Kea aliona jambo ambalo magazeti yetu huchelewa kuliona: kwamba pombe ya mtaani haiishi kwa bahati. Ipo kwa sababu kuna mkubwa anayetaka iwepo. Majoka anawanyima watu soko, kisha anaacha pombe itiririke, na watu waliolewa hawaji kwenye mkutano. Historia iko upande wake. Tangu miaka ya 1920, wakoloni wa Nairobi walikataza Waafrika kujipikia pombe mjini, kisha baraza la mji lenyewe likafungua ukumbi wa pombe Pumwani na kuuza peke yake. Faida iligharamia huduma za Waafrika haohao walionunua. Fikiria hilo. Unakamatwa kwa kupika, unaruhusiwa kunywa, na kila ukinywa unajilipia zahanati. Majoka hakutoka hewani.

Tatizo langu linaanzia hapo hapo. Tamthilia inajua kuwa mwenye makosa ni mfumo, lakini mfumo haupandi jukwaani ukiwa na kata mkononi. Anayepanda ni mwanamke. Kwa hiyo aibu yote inamwagikia yeye. Tunaambiwa alipata kandarasi ya kuoka keki ya uhuru kwa njia ya kitanda. Tunamwona akihudumia walevi na kucheka nao. Na mwisho ndiye anayesimama mbele ya umati kuomba radhi. Wanywaji wa Mangweni, ambao walijiletea miguu yao wenyewe, hatuwasikii wakipiga magoti.

Lakini hata hilo si ndilo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba katika mchezo mzima Mamapima anauza tu. Hapiki. Pombe ya Mangweni iko tayari kila tunapofika, kama maji ya mfereji.

Ngoja nikueleze inavyopatikana, maana sidhani kama kuna kitabu ulichokisoma kinachokueleza.

Inaanzia kwa wimbi. Unaliloweka, unalimwaga kwenye gunia, unalifunika kwa majani ya ndizi, na baada ya siku tatu hivi limetoa vijimizizi vyeupe. Unalianika juani na kulisaga. Hicho ndicho kimea, na kimea kikiharibika, kila kitu kimeharibika. Mvua ya siku mbili mfululizo inatosha kuleta ukungu. Huku unga wa mahindi nao umechanganywa na maji na kufunikwa, unachachuka polepole kwa siku kadhaa mpaka nyumba nzima inanuka kama uji uliosahaulika. Halafu inakuja siku ya kukaanga.

Siku ya kukaanga ndiyo siku niliyoichukia utotoni. Kukhu alikuwa na bati nene, pipa la zamani lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, linalokaa juu ya mafiga makubwa. Chini, kuni. Juu, unga uliochachuka, na wewe umesimama hapo na beleshi unageuza, unageuza, unageuza, moshi machoni, mpaka unga ugeuke punje za rangi ya kahawia. Kwetu punje hizo ni amakhalange. Ukigeuza polepole zinaungua na busaa inakuwa chungu. Ukiharakisha, ndani zinabaki mbichi na wateja wataendesha. Kukhu hakuwa na saa. Alijua kwa harufu. Kuna dakika fulani harufu inaacha kuwa ya uji na kuwa ya mkate, na hapo ndipo alisema "toa", na ulipaswa kutoa papo hapo, si baada ya kupangusa pua.

Kisha pipa, maji, amakhalange, kimea. Usiku wa kwanza kimya. Usiku wa pili ukiweka sikio karibu unasikia pipa linanong'ona. Asubuhi yake ni kuchuja kwa gunia safi, mikono miwili inakamua, na machicha yanaenda kwa kuku na nguruwe wa jirani. Kufikia saa nne asubuhi wakata miwa wa zamu ya alfajiri wameshafika.

Na sasa sikiliza: busaa haingoji. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa unaweza kuitilia kwenye kachumbari badala ya siki. Hakuna friji wala kopo wala "ihifadhi mahali penye baridi." Ukipika mapipa mawili na mvua inyeshe mchana kutwa, wateja wabaki kwao, umepoteza wiki nzima ya kazi, kuni, mahindi, na ada ya kisiagi. Ndiyo maana alikopesha. Ukutani, nyuma ya mlango, kulikuwa na mistari ya mkaa, kila mteja na safu yake. Kukhu hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini ukuta ule aliusoma vizuri kuliko ninavyosoma mimi kitu chochote. Alijua nani atalipa baada ya kiwanda cha sukari kulipa, nani atalipa kwa kuku, na nani hatalipa kabisa ila anapewa kwa sababu mkewe ni mwanachama mwenzake wa chama. Ijumaa walipita askari. Walikuwa na safu yao pia, ila hiyo haikuandikwa.

Hayo yote ni kazi. Ina ufundi, hesabu na hofu ndani yake, na mwandishi yeyote mwenye macho angepata humo tamthilia tatu. Kwa nini hatuna hata moja?

Mtu atanijibu kwamba Ngũgĩ alishaiandika. Ni kweli kwa kiasi. Petals of Blood, riwaya ya 1977, ina pombe yake, Theng'eta, na sijui mwandishi mwingine wa Kenya aliyeipa pombe ya kienyeji heshima kama ile. Nyakinyua, yule bibi wa Ilmorog, ndiye mwenye ujuzi. Anatumia wimbi lililomea, mmea wa theng'eta wenyewe, na subira. Ngũgĩ hakimbii. Anakubali ukae ungoje pombe iive pamoja na wanakijiji, na wanapoinywa hatimaye inafungua vinywa. Ni hapo Karega anapotoa siri ya mapenzi yake na Mukami, dada ya Munira, na huwezi tena kuirudisha riwaya ilipokuwa. Niliisoma chuoni, mwaka wa kwanza, nikiwa peke yangu kwenye chumba cha kukodi, na niliposhika ukurasa wa lile wimbi lililomea nilifunga kitabu kidogo. Sikuwa nimewahi kuona kazi ya nyumbani kwetu ikiwa imepigwa chapa.

Lakini tazama kinachofuata. Wanja na Abdulla wanaanza kuiuza. Mji unakua, barabara inapita, pesa inaingia, na muda si muda pombe imeshanyakuliwa. Kuna kiwanda, kuna wakurugenzi, Chui, Mzigo na Kimeria, na riwaya inahamia kwao na kwa wafanyakazi wa kiwanda na chama chao. Naelewa kwa nini. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alikuwa anafuatilia ubepari, na ubepari huo ulikuwa unaelekea kiwandani. Ila kwa hesabu hiyo pombe ya kijijini ina hali mbili tu: kwanza ni takatifu, halafu imeibwa. Nyakinyua anapika kwa ajili ya tambiko la mavuno. Wakurugenzi wanapika kwa ajili ya faida. Katikati yao yuko mwanamke anayepika Jumanne kwa sababu barua ya karo imefika Jumatatu, na huyo riwaya inampita mbio. Wanja anamkaribia kidogo, kisha anapelekwa kwingine, kwenye nyumba ya starehe na moto.

Kukhu hakuwa kuhani. Wala hakuwa mwathiriwa wa Chui na wenzake, maana hakuna aliyewahi kutaka kumnyang'anya kitu zaidi ya mtungi na mia mbili za Ijumaa.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Kampuni kubwa ya bia nchini ilianzishwa 1922, na kila mnywaji anajua hadithi yake: mmoja wa ndugu waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina Tusker kwa kumbukumbu yake. Hadithi safi. Ina mwanzo, damu, na nembo. Sasa chukua Kiswahili. Tembo ni mnyama, na tembo ni pombe ya mnazi, ile ambayo mgema akisifiwa huitia maji. Neno lilikuwa letu, lenye maana zote mbili, karne nyingi kabla ya Hurst kushika bunduki. Wao walichukua mnyama wakamweka kwenye chupa. Kinywaji kikabaki huku nyuma, na jina jipya likaja: pombe haramu.

Jina hilo ndilo lililonifanya niandike. Kigogo kinalitumia, mwongozo unalirudia, mwalimu analiandika ubaoni, na sisi tunalimeza. Pombe haramu ni nini? Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Sheria ya 2010 ikaifuta marufuku hiyo, ikasema sawa, pika, lakini uwe na leseni na uifunge kwenye chupa ya kioo kwa viwango vilivyowekwa. Haya, mama mwenye mapipa mawili na bati lililonyooshwa kwa nyundo, mashine ya chupa ataitoa wapi? Kwenye karatasi amehalalishwa. Kwenye boma lake hakuna kilichobadilika isipokuwa hongo labda. Na katika neno hilohilo moja tumetia busaa ya siku moja, chang'aa ya kangara, na ile sumu ya methanoli iliyoua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi Novemba 2000 na kuwaacha wengine vipofu. Mtu aliyetia methanoli kwenye jerikani na mtu aliyeamka saa kumi usiku kuchuja wimbi wanaitwa jina moja. Mwandishi wa sheria anaweza kujitetea kwamba hana nafasi ya kufafanua. Mwandishi wa fasihi hana utetezi huo. Kufafanua ndiyo kazi yake.

Sitaki unielewe vibaya, na hapa ndipo ningependa nisiseme, lakini nitasema. Kuna miaka miwili mahindi yalipopanda bei Kukhu alipika chang'aa. Molasi ilikuwa rahisi upande ule, na chang'aa haichachi. Mjomba wangu, mtoto wake wa kuzaa, aliinywa akiwa amekaa kwenye benchi la mamake. Aliuza baiskeli, akauza redio, akaja kuezua mabati ya nyumba yake mwenyewe. Tulimzika akiwa na miaka 38. Kukhu hajawahi kulizungumzia benchi hilo. Alilipasua kuni. Kwa hiyo nikisoma neno "katili" nililoliandika 2019, siwezi kusema ni uongo mtupu. Naweza tu kusema kwamba mimi sikulifikia kwa kuwaza. Lilikuwa kwenye mwongozo, ukurasa wa wahusika, na nililikariri. Mchezo ungenionyesha yule mwanamke akipasua benchi, ningeandika sifa ambayo mpaka leo sijui inaitwaje.

Na hili ndilo naliona kuwa pungufu la Kigogo kama sanaa, si kama siasa. Siasa yake iko sawa. Lakini majuto ya Mamapima hayana mzizi, kwa sababu kazi yake haikuwahi kuwa na mwili. Anaacha kwa sentensi. Kuacha kupika si sentensi, bro. Ni kuamua utafanya nini na bati, na ukuta wa madeni, na mtoto aliye kidato cha tatu.

Kwetu haikuwa uamuzi. Mwaka 2021, baada ya ile miezi ya korona ambapo vilabu vilifungwa na watu wakawa wananunulia mlangoni, walikuja watu wa msako wasio wale wa Ijumaa. Walimwaga mapipa yote mawili. Busaa ilishuka mpaka kwenye migomba na kuku wakalewa, jambo ambalo kijiji kililicheka mwezi mzima. Bati wakalibeba, sijui la nini. Kukhu alikuwa amepita miaka sabini na hakutafuta bati lingine. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilirudi muhula mmoja zaidi, nikawa nasoma kwa simu ya rafiki, kisha nikaacha kwenda. Tangu hapo naandika: maelezo ya bidhaa za watu, hotuba za harusi, na makala kama hii.

Desemba iliyopita nilipoenda nyumbani nilibeba Kigogo. Nilimsomea Kukhu ile sehemu ya Mangweni, jioni, tukichambua wimbi la uji. Nilisoma kwa Kiswahili na pale palipokuwa pagumu nikamweleza kwa Lukabras. Alicheka sana kwa walevi. "Hao nawajua," alisema, na akaanza kutaja ni nani kati ya wateja wake aliyekuwa yupi. Ngurumo alimpata mara moja, na kusema kweli alifanana. Niliposimama kupumua akauliza:

"Huyu mama alipika saa ngapi?"

Nilifungua kurasa nyuma na mbele, kama mtu aliyepoteza risiti.

"Haijaandikwa, Kukhu."

"Na kuni alitoa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Na huyo bwana yake anayechonga vinyago, mbao si anazo? Hampatii hata maranda ya kuwashia moto?"

Nimesoma uchambuzi mwingi wa Kigogo, mwingine wa watu wenye shahada tatu, na sijaona swali linalokifungua kitabu kile kama hilo la maranda. Boza na Asiya wanaishi nyumba moja, na ufundi wake yeye tunauona toka mwanzo, patasi mkononi, kinyago kinachukua sura. Ufundi wa mkewe hatuoneshwi. Anachofanya mume ni sanaa, anachofanya mke ni dhambi, na vyote viwili vinawahudumia watu walewale wa Majoka.

Nilimsomea na mwisho, pale anapoomba msamaha. Akanyamaza. Akauliza kama wale waliokunywa nao waliomba. Nikasema hapana. Akarudi kwenye wimbi lake.

Baadaye, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia kuhusu ule mtihani. Nilimtajia sifa zote, moja moja, na ile katili nikaisema haraka. Hakuonekana kukasirika. Aliniuliza nilipata ngapi.

"Kumi na moja."

"Juu ya ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hiyo moja ulikosea wapi?"

Nikamwambia ni kwenye majuto, mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mfano hautoshi. Akataka kujua majuto ni nini kwa lugha yetu. Nilijaribu neno moja, akatikisa kichwa, nikajaribu lingine. Kuku walikuwa wameshaingia kwenye ungo, tukainuka kuwafukuza.